Kikohozi kisichoisha na asidi ya tumbo: namna ya kupata jibu hatua kwa hatua

Kila wiki kuna mtu anaingia chumbani kwangu kliniki na bahasha ya kaki, anaimwaga mezani. Chupa tatu za dawa ya maji zilizobaki nusu, amoxicillin, azithromycin, cetirizine, pakiti ya tangawizi ya unga. "Nimemaliza zote hizi, daktari, na kifua bado." X-ray safi, kipimo cha TB hakina kitu. Halafu jirani au muuza duka la dawa kamwambia, "Hiyo itakuwa asidi."

Hapo maswali ni yale yale. Asidi ya tumbo inahusiana vipi na kikohozi? Mbona mimi sina kiungulia? Nipime nini ili nijue? Nimekunywa omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi, wiki nzima, mbona sijapona? Nimechoka kuyajibu nimesimama mlangoni, ndiyo maana nayaandika hapa.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima. Mtoto anayekohoa muda mrefu ana njia yake, mpeleke kliniki. Mjamzito naye aanzie kliniki, asianzie duka la dawa.

Nadharia kidogo tu, kisha kazi. Umio, yaani mrija wa chakula, na njia ya hewa ni majirani wanaotumia neva moja. Asidi ikipanda sehemu ya chini ya umio, neva ile inapeleka taarifa kwenye ubongo na kikohozi kinatoka, hata kama hakuna tone lililofika kooni. Ndiyo sababu wengi wenye kikohozi cha aina hii hawasikii kiungulia kabisa. Tena kinachopanda si asidi peke yake: kuna vimeng'enya vya tumbo, wakati mwingine nyongo, na gesi. Kumbuka hili, tutalihitaji tukifika kwenye dawa.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa, ila daftari la kando ya kitanda halizimi chaji.
- Orodha ya dawa zote unazotumia: za presha, za maumivu, ARV, za kienyeji, za kutafuna za kiungulia. Bora ubebe pakiti zenyewe.
- Majibu ya vipimo vya nyuma, pamoja na picha ya X-ray.
- Tofali au vipande vya mbao vya kuinulia kitanda, na rula.
- Mizani, hata ya duka la dawa la mtaani.
- Subira ya miezi 3. Hii ndiyo inayowashinda wengi.

Hatua ya 1: Hesabu wiki

Kikohozi cha chini ya wiki 3 mara nyingi ni mafua au maambukizi ya kawaida. Kati ya wiki 3 na 8, mara nyingi ni mabaki ya mafua yaliyopita. Kikivuka wiki 8 ndipo tunakiita sugu, na ndipo mwongozo huu unapoanza kazi. Kosa la kwanza ninaloliona ni mtu wa siku 10 kuanza kujitibu "asidi". Kikohozi chake kingeisha chenyewe, halafu anakuja kuapa kwamba omeprazole ndiyo imemponya.

Hatua ya 2: Angalia kama unatakiwa uende hospitali leo

Usiendelee kusoma kama una mojawapo ya haya: damu kwenye makohozi, uzito unaopungua bila kujinyima, jasho la usiku linalolowesha shuka, homa isiyokata, kubanwa na pumzi, miguu kuvimba, chakula kukwama wakati wa kumeza, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au kifua kubana ukipanda ngazi. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3 nayo iangaliwe. Na wewe mvutaji sigara uliyepita miaka 45, ukiona kikohozi chako kimebadilika tabia, nenda.

Hatua ya 3: Ondoa TB kwanza

Kwetu huku hakuna njia ya mkato hapa. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinastahili kipimo cha TB, na anayeishi na VVU anapimwa kwa kikohozi chochote, hata cha siku chache. Kipimo na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali.

Peleka makohozi, si mate. Asubuhi, suuza mdomo kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka chini kabisa. Wenye kikohozi kikavu hushindwa, wanatema mate kikoponi, kipimo kinatoka hasi, wanafurahi. Kama huna makohozi sema wazi, wana njia ya kukuvutisha mvuke wa chumvi ili yatoke. Omba na X-ray ya kifua kama hujapiga.

Onyo: usimeze levofloxacin wala ciprofloxacin za kununua dukani kabla ya kipimo hiki. Dawa hizo zinaweza kuituliza TB kwa muda bila kuiponya, na ugonjwa ukachelewa kugundulika.

Hatua ya 4: Pitia dawa zako moja moja

Captopril, enalapril, lisinopril. Kama mojawapo ipo kwenye orodha yako, huenda umeshapata jibu. Dawa hizi za presha ni nzuri, lakini baadhi ya watu zinawaletea kikohozi kikavu chenye mwasho kooni, na kinaweza kuanza miezi baada ya kuzizoea. Usiache mwenyewe, presha ikipanda bila dawa ni hatari kuliko kikohozi. Rudi kwa daktari umwambie, atakubadilishia, mara nyingi ni losartan au ya jamii yake. Kikohozi huisha ndani ya wiki 1 hadi 4, kwa wachache hufika miezi 3.

Dawa nyingine hazileti kikohozi moja kwa moja bali hulegeza mlango wa juu wa tumbo au kukwangua umio: nifedipine na amlodipine, aminophylline ya vidonge, diclofenac, na doxycycline inayomezwa kwa funda moja la maji kisha mtu akalala. Ziandike zote, daktari azione.

Hatua ya 5: Waulize majirani wawili, pua na pumu

Ukisikia makamasi yanashuka nyuma ya koo, pua imeziba na unapiga chafya kila ukifagia, anza na pua. Kifua kikipiga filimbi, ukiamka saa 8 au 9 usiku kwa kikohozi, vumbi na baridi vikikuanzisha, au kwenu kuna pumu, omba kupuliza kipima pumzi. Pumu nyingine haina filimbi wala kubanwa, ni kikohozi tu. Na usisahau jiko: anayepika kwa kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha atakohoa hata tumbo lake likiwa salama.

Mtu mmoja anaweza kuwa na viwili kwa pamoja, pumu na asidi, na ukitibu kimoja unapata nafuu nusu.

Hatua ya 6: Andika daftari kwa siku 14

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Hakuna kipimo kimoja cha damu wala cha picha kitakachosema "kikohozi hiki ni cha asidi". Jibu hujengwa, na tofali lake la kwanza ni daftari.

Kila unapokohoa kwa nguvu andika vitu vinne: saa, ulichokula mara ya mwisho, ulichokuwa unafanya, na ukali kuanzia 0 hadi 10. Mfano wa siku moja:

*Jumanne. Saa 11:40 alfajiri, nainuka kitandani: 6. Saa 1:15 asubuhi, nimemaliza chai ya maziwa na maandazi mawili: 7. Saa 5, naongea na simu: 5. Saa 8 mchana, baada ya wali maharage, nainama kufunga viatu: 8. Usiku nimelala: 1.*

Ukurasa kama huu ukiletwa kwangu, nusu ya kazi imekwisha. Kikohozi cha asidi hupenda nyakati hizi: baada ya kula, wakati wa kuinama, mara tu baada ya kulala chali, au kinyume chake, unapoinuka kitandani asubuhi. Huanzishwa pia na kuongea sana, kucheka, kuimba. Wengi hulala vizuri usiku kucha, jambo linalowashangaza, maana wanadhani asidi lazima iamshe mtu. Andika pia dalili za pembeni: sauti ya kukwaruza asubuhi, ladha ya uchachu mdomoni, kucheua, kujikohoza kila mara kama vile kuna uzi umenasa kooni.

Kulikuwa na mzee mmoja, muadhini, miezi 5 ya kikohozi. Alipimwa TB mara mbili, hana. Presha hana, sigara hajawahi. Alikuwa anaona aibu kupanda kuadhini. Nikamwamkia, nikamwomba daftari, akacheka: "Mwanangu, macho yenyewe haya?" Basi mjukuu wake wa darasa la sita akawa karani. Ilikuwa Ramadhani, na daftari lile lilikuwa safi kama kipimo cha maabara. Mchana kutwa amefunga: 1, 2, 1. Baada ya futari, 6. Kwenye tarawehe, kila akienda sijda, 7. Halafu anakula daku, anaswali alfajiri, anarudi kulala. Akiamka saa 2 asubuhi, 8. Pembeni mjukuu kaandika kwa penseli, "Babu amekohoa mpaka kikombe kimemwagika."

Funga ile ilikuwa imetuonyesha kitu ambacho vipimo viwili havikuonyesha: tumbo likiwa tupu, kifua kinatulia.

Hatua ya 7: Badilisha ulaji na ulalaji kwanza

Wiki 4, bila kuruka siku.

Mlo wa mwisho uwe saa 3 kabla ya kulala. Ukilala saa 4 usiku, sahani iwe imeoshwa saa 1. Najua kwa mtu anayetoka kazini saa 2 usiku na foleni juu hili ni mzaha. Basi geuza, ugali na mboga vihamie mchana, usiku uwe uji mwepesi au ndizi mbili. Punguza wingi kuliko aina. Watu hunitajia orodha ndefu ya vyakula walivyoacha huku wakila sahani ya mlima saa 4 usiku.

Vinavyostahili kupunguzwa kweli ni mafuta mengi (chipsi, maandazi, pilau ya shughuli), soda, kahawa, chai kali, pombe, peremende na chokoleti. Pilipili na ndimu, sikiliza daftari lako. Wengine haziwafanyi kitu. Ila hapa kuna mtego: dawa yetu ya kikohozi ya nyumbani ni limau na tangawizi, glasi nzima, usiku, kisha mtu analala. Kama kikohozi chako ni cha asidi, unamwagia moto mafuta. Acha kwa wiki hizi 4.

Inua kichwa cha kitanda kwa sentimita 15 hadi 20. Weka tofali chini ya miguu miwili ya kichwani, pima kwa rula, hakikisha halitelezi. Chandarua itabidi ukifunge upya, na mwenzako atalalamika kwamba anateleza kwenda chini; siku ya nne atazoea. Anayelala na godoro chini aingize ubao wa mteremko chini ya godoro, kuanzia kiunoni kwenda juu.

Kosa: kurundika mito mitatu. Mito inakunja mwili kiunoni, tumbo linabanwa na asidi inasukumwa juu zaidi. Ubavu wa kulala uwe wa kushoto. Mkanda na kanga ya kiunoni, legeza. Na kama uzito umezidi, hata kilo chache zikipungua zina msaada.

Hatua ya 8: Dawa, kama daktari ameona inafaa

Kama una kiungulia au kucheua pamoja na kikohozi, omeprazole au ya jamii yake ina nafasi. Kama huna hata kimoja, dawa hiyo peke yake haina msaada mkubwa kwa kikohozi. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Marekani (CHEST) wa 2016 unashauri isitolewe peke yake kwa watu hao, bali waanze na yale ya Hatua ya 7. Kumbuka nilivyosema: kinachopanda si asidi peke yake, na omeprazole haizuii kupanda, inapunguza uchachu tu.

Ukiandikiwa, imeze dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Si baada ya kula, si wakati wa kulala. Ukiona 1x2 kwenye pakiti, maana yake moja kabla ya chai ya asubuhi na moja kabla ya chakula cha jioni. Usifungue kidonge ukatafuna punje za ndani.

Maonyo matatu ambayo siachi kuyasema. Anayetumia ARV zenye dolutegravir asimeze pamoja na dawa za kutafuna zenye magnesium au aluminium. ARV inywe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Anayetumia atazanavir au rilpivirine asianze omeprazole kabla ya kuongea na kliniki yake. Na wewe unayetumia clopidogrel kwa moyo, uliza kwanza.

Hatua ya 9: Soma daftari kwa wakati wake

Kiungulia kinaweza kupoa ndani ya wiki 2. Kikohozi hakina haraka hiyo, kinaweza kuchukua hadi miezi 3, kwa sababu neva zilizokwaruzwa muda mrefu hazisahau upesi. Kwa hiyo usihukumu siku ya 7. Piga wastani wa alama za wiki nzima, linganisha wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Kikishuka nusu au zaidi, uko njiani. Kisiposogea kabisa wiki ya 12 na umefanya yote kwa uaminifu, asidi huenda si mwenyewe. Usiongeze dozi kwa kujiamulia.

Hatua ya 10: Hakikisha kwa kuacha

Kupona peke yake si ushahidi, kikohozi kingine huisha chenyewe. Kwa hiyo, mkishakubaliana na daktari, punguza dawa polepole huku ukiendelea na kitanda na saa ya mlo. Ukiacha ghafla, tumbo hutoa asidi kwa wingi kwa siku kadhaa hadi wiki chache na kiungulia kinarudi kwa kishindo. Usikichukulie hicho kuwa jibu. Subiri kipite. Kikohozi kikibaki kimya, umemaliza. Kikirudi, na kikitulizwa tena na matibabu yale yale, sasa ndiyo unaweza kusema ni asidi.

Muadhini wetu hakuhitaji kupanga jaribio. Wiki ya 11, alama zikiwa 1 na 2, alialikwa harusi akala pilau saa 5 usiku, akarudi akalala. Asubuhi, 7. Alinipigia simu mwenyewe, sauti ya mtu aliyefumaniwa.

Hatua ya 11: Vipimo vikubwa

Kamera ya tumbo ni ya kutafuta michubuko, kidonda au uvimbe. Ikiwa safi haimaanishi huna asidi inayopanda. Wengi walio nayo kamera yao ni safi. Kabla ya kwenda, muulize daktari kama uache omeprazole kwanza, maana inaweza kuficha michubuko.

Kinachopima asidi inayopanda ni mrija mwembamba unaopitishwa puani na kukaa kwenye umio kwa saa 24, ukiwa na mashine ndogo kiunoni. Asidi ikikaa kwenye umio zaidi ya asilimia 6 ya muda, hilo si la kawaida. Chini ya asilimia 4 ni kawaida. Hospitali nyingi hazina kipimo hiki, kwa hiyo usiuze mbuzi kukitafuta kabla hujamaliza hatua za juu.

Mambo yakienda kombo

*Nimepimwa nina H. pylori, si ndiyo inayonikohoza?* Kwetu kila kinachouma juu ya kitovu kinaitwa vidonda vya tumbo, na bakteria huyu yupo kwa watu wengi mno. Tibiwa, kwa sababu ya tumbo lako. Usimbebeshe kikohozi.

*Kiungulia kimeisha, kikohozi kiko pale pale.* Kama hujafika wiki 12, subiri. Kama umefika, rudi Hatua ya 5, hasa kwenye pumu, na Hatua ya 4 uangalie kama kuna dawa uliyoisahau.

*Kinatulia wiki, kinarudi wikiendi.* Angalia Jumamosi usiku ulikula nini na saa ngapi. Daftari linajua.

*Nimekunywa omeprazole miezi 8, sipati nafuu wala siwezi kuacha.* Mwone daktari apange namna ya kuipunguza. Matumizi ya muda mrefu yanaweza kushusha magnesium na vitamini B12, si pipi.

*Nimeanza kutoa makohozi ya njano na homa.* Huo ni ugonjwa mpya juu ya wa zamani. Weka daftari kando, rudi Hatua ya 2.

*TB ilikuwa hasi miezi 6 iliyopita, sasa napungua.* Pima tena. Hasi ya mwezi wa pili haikulindi mwezi wa nane.